Jaribu Tena, Mama

Mama yake alianza kwa kusahau vitu vidogo, na vitu vidogo havimtishi mtu. Mkasi ulikutwa ndani ya friji. Sufuria ya chai iliachwa jikoni mpaka ikageuka mkaa. Watu walicheka, naye akacheka nao, akasema uzee haupigi hodi. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na nusu ya watoto wa mtaa ule walikua ndani ya sketi na kaptula zake. Halafu ikafika siku akamkabidhi mteja kaptula iliyopigwa pasi vizuri, vifungo vyote mahali pake, ila miguu ameishona chini ikafungwa kama mifuko. Mteja hakujua acheke au alie. Hapo ndipo mzaha ulipoisha.

Nyumbani alikuwa amebaki na binti mmoja, wa mwisho, ambaye tangu utotoni aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Jina la kwenye vyeti lilikuwepo, lakini hilo lilikuwa la maofisini tu. Huyu Kitinda alikuwa karani wa shule mpaka nafasi yake ilipoondolewa, na sasa alikuwa mwanafunzi tena, katika umri ambao wenzake wanapeleka watoto wao darasa la kwanza. Alikuwa anajifunza kuandika programu za kompyuta. Shangazi yake, dada wa marehemu baba, alikuja kila asubuhi kukaa na wifi yake ili binti apate nafasi ya kwenda kusoma.

Ugonjwa wa mama ulikuwa na tabia yake. Ulikuwa umechukua sura za watu, ukaacha sauti. Kitinda akiingia chumbani asubuhi, mama alimtazama kwa lile tabasamu la kumpokea mteja, la "karibu, nikusaidie nini?" Lakini Kitinda akifungua kinywa tu, "Mama, umeamkaje?" uso ule ulichangamka, na mikono yote miwili ikanyooshwa. "Aa! Kitinda wangu! Mbona umepotea hivi?" Wakakumbatiana kama watu waliokutana stendi baada ya miaka. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa.

Mwenye akili angeshika alichopewa akanyamaza. Lakini mtoto ni mtoto hata akiota mvi. Lile tabasamu la mteja lilimkata Kitinda maini. Lilikuwa la kufumba na kufumbua, na bado kwake lilikuwa kubwa kuliko kumbatio lililofuata. Alitaka mama yake amjue kabla hajasema neno. Alitaka hilo tu, jamani, si ghorofa wala gari, na aliapa atalipata.

Darasa lao lilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi zinanuka rangi na gundi ya mabomba. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba anayefundisha kwa kandambili, na wanafunzi walikuwa wamembatiza Mwalimu Futa, maana mtu akimlilia kwamba programu imegoma, jibu lake lilikuwa moja: "Futa, anza upya." Alikuwa na utaratibu wake mwenyewe. Hakuna kugusa kompyuta mpaka tatizo lichezwe kwa mwili. Mmoja anakuwa kompyuta, wengine wanampa amri, naye anatii alivyoambiwa, si walivyokusudia.

Siku ya kwanza kompyuta alikuwa kinyozi wa mtaa wa nyuma, mtu asiyejua kukaa bila utani. Wakamwambia anywe maji.

"Maji yapi?" akauliza, kakodoa macho.

Wakamwambia ya kwenye chupa. Akaibeba chupa akaipeleka mdomoni na kifuniko chake. Wakamwambia afungue kifuniko kwanza. Akafungua, akainua, akanywa, akaendelea kunywa, maji yanamshuka kifuani, macho yamemtoka, mpaka bibi mmoja aliyekaa nyuma akapiga ukelele. "Mwambieni aache! Mtamuua mtoto wa watu!" Darasa zima lilivunjika mbavu.

"Haya, mmeona," akasema Mwalimu Futa. "Kompyuta haina roho mbaya, na roho nzuri pia haina. Kufikiri ni kazi yenu. Tatizo likiwa kubwa lipasueni, na kila kipande mkijue kinaanzia wapi na kinaishia wapi."

Wenzake walilia na somo lile, Kitinda akaliona la nyumbani. Alikuwa amelisomea kwenye kitambaa. Kwa mama yake shati halikuwa shati, lilikuwa kola, mgongo, vifua viwili, mikono miwili, na kila kipande kilikatwa kikajulikana kabla ya sindano kushuka. Mshono ukipinda, mama hakumpiga wala hakumfokea. Alisema tu, "Fumua. Rudia." Na hapo hakuna kuinuka kitini mpaka unyooke, hata kama watoto wenzako wanacheza nje na wewe machozi yanadondoka kwenye kitambaa. Alipokuwa mkubwa ndipo alipojua kwamba kule ndiko kupendwa kwake. Mama yake hakuwa mtu wa kubembeleza.

Mwalimu akawaambia kila mmoja alete tatizo moja la nyumbani kwake, la kweli, alitatue. Kinyozi alileta foleni ya wateja wake wanaogombania zamu. Kitinda alileta sura yake.

Alilipasua hivi. Mama anasahau uso. Mama anakumbuka sauti. Basi sauti imshike uso mkono, wazoeane. Akachukua tableti ya mtumba, akaweka picha tatu kubwa: yake, ya shangazi, na ya yule bibi wa darasani, ambaye alikubali kupigwa picha kwa sharti kwamba asionekane amenuna. Akarekodi sauti yake mwenyewe. "Mama, nioneshe Kitinda yuko wapi." Mama akigusa picha sahihi, yanapigwa makofi, na sauti inasema, "Ndiyo, mama! Ni mimi!" Akigusa nyingine, inasema, "Hapana, mama. Jaribu tena."

Usidhani ilikuwa rahisi. Kwanza picha zilitokea zimelala ubavu. Zikakaa sawa, sauti ikaanza kuongea kabla picha hazijafika. Akatengeneza hilo, makofi yakapigwa kwa majibu ya makosa, shangazi akasema chombo kimerogwa. Zamani Kitinda angeangua kilio. Sasa alikuwa amejifunza kutulia, kukipunguza kisichofanya kazi kidogo kidogo mpaka kosa libaki halina pa kujificha. Alilipenda jambo hilo kuliko alivyotarajia. Dunia ilikuwa imemnyang'anya kazi na ilikuwa inamnyang'anya mama, na hapa palikuwa na mahali ambapo ukifikiri vizuri unashinda.

Palibaki kipande kimoja cha kuamua. Mama akikosea tu, akikosea tena, ifanyeje? Angeweza kuiambia programu ichoke, inyamaze, imwambie mama apumzike. Mwalimu Futa alikuwa anapita nyuma ya kiti chake, akasimama.

"Hapa inaishia wapi, dada?"

"Inaishia akipatia."

"Na asipopatia?"

"Mwalimu, yule mama hajawahi kuniachia mshono uliopinda. Nami simwachii." Alisema akicheka, na ndani ya kicheko mlikuwa na fahari. Mwalimu akataka kuongeza neno, kinyozi akamwita kwamba kompyuta yake inatoa moshi, akakimbia.

Siku ya kwanza mama aliangalia picha zile, akagusa ya Kitinda. Makofi! Mama akashtuka, kisha akacheka, akapiga makofi na yeye. "Kumbe inanijua!" Kesho yake akapatia tena, na siku zilizofuata akapatia, kidole kinakwenda moja kwa moja bila kusita. Kila asubuhi baada ya chai alikuwa anaiulizia mwenyewe, "Kile kioo changu kiko wapi?" Siku alipoyasikia hayo mara ya kwanza Kitinda alilia jikoni, amejifunika khanga usoni, kilio cha furaha. Ni kweli kwamba asubuhi akiingia chumbani lile tabasamu la mteja lilikuwa bado lipo. Alijiambia litaondoka tu, haraka haraka haina baraka.

Akaenda kuwaonesha wenzake darasani. Kinyozi alipiga mluzi. Yule bibi alifurahi kujiona mle ndani. Mwalimu Futa aliishika tableti, akagusa, akagusa tena, akakunja uso.

"Dada, hizi picha huwa zinabadilishana nafasi?"

Kitinda akajibu hapana, na kabla hajamaliza neno hilo akaikodolea macho tableti. Picha yake ilikuwa kushoto. Ilikuwa kushoto siku zote. Mama hakuwa amejifunza uso wa mtu yeyote. Alikuwa amejifunza kushoto.

Jamani, kuna makosa ya kuachwa! Kosa lile lilikuwa linampa mama yake makofi kila asubuhi, na halikumuumiza mtu. Lakini mwambie hivyo mtu aliyekwisha onja utamu wa kutengeneza. Kitinda alirudi nyumbani amekaza taya, akakaa mbele ya kompyuta, akafanya kila kitu alichofundishwa. Alilitafuta kosa, akalipata, akalirekebisha, akalijaribu mwenyewe kwa kila namna. Sasa picha zilichanganyika kila zamu. Programu haikuwa na doa. Mwalimu yeyote angempa alama zote.

Asubuhi yake alikuwa amechelewa. Akamweka mama kwenye meza yake ya zamani ya cherehani, akamwashia, akambusu paji la uso. "Leo ni ngumu kidogo, shangazi. Akikwama mwache ajaribu, ndivyo anavyojifunza." Shangazi alikuwa na mablanketi ya kufua uani, akasema sawa mwanangu, nenda, nipo hapa. Kitinda akashuka na barabara, mwepesi, anaimba.

Aliporudi mchana alisikia tangu getini. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka dirishani, tamu, yenye subira, kama alivyoirekodi siku ambayo alikuwa na furaha.

"Hapana, mama. Jaribu tena."

Akasukuma geti.

"Hapana, mama. Jaribu tena."

Alikimbia. Mama alikuwa pale pale mezani. Chai aliyowekewa asubuhi ilikuwa imeganda utando juu, haijaguswa. Hakuwa ameinuka hata kwenda msalani, gauni lilikuwa limeloa na sakafu imeloa. Fundi yule hakuwahi maishani kuondoka mezani kazi ikiwa haijanyooka, na hata ugonjwa haukumvua tabia hiyo. Kidole kilikuwa juu ya skrini, kinakwenda kushoto, kila mara kushoto, na machozi yamemchirizika mpaka shingoni. "Nimekosea," alikuwa anamwambia mtu asiyeonekana. "Nimekosea, nitarudia. Ngoja nirudie. Usinikasirikie."

Kitinda aliizima tableti, akaitupa huko. Akapiga magoti kwenye sakafu ile iliyoloa, akamkumbatia mama yake kiunoni. "Mama! Basi, mama. Ni mimi. Imetosha, ni mimi Kitinda."

Na mama yake alijikunja. Alipandisha mikono akaziba masikio, akajikunyata kitini kama mtu anayengoja kofi. "Siwezi tena," akasema. "Mwambieni huyo anayesema siwezi, nimechoka."

Shangazi aliingia, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. "Kuna nini? Mbona nilikuwa nakusikia unaongea naye muda wote? Nikasema hata akiwa shule mtoto anamfundisha mama yake." Kisha akamwona wifi yake, akaona sakafu, akakaa chini palepale mlangoni. "Masikini mimi," akasema. "Masikini sisi."

Kitinda alidhani ni mshtuko wa siku moja. Mama alikuwa anasahau kila kitu, kwa nini asisahau hilo? Lakini ugonjwa ule haukuwa na haki hata chembe. Ulimsahaulisha mume, nyumba, na majina ya watoto wake wakubwa, lakini hofu ile ukaiacha. Asubuhi Kitinda alipoingia alipokewa na tabasamu la mteja. Akasema, "Mama, umeamkaje?" na tabasamu likazimika. Macho ya mama yakaanza kuzunguka chumba, kidole kikanyooka, akaanza kugusa vitu. Akagusa blanketi. Akagusa ukuta. "Hii?" akauliza kwa sauti ya mtoto. "Ni hii? Basi hii hapa?"

Kitinda alijaribu kunong'ona, kidole cha mama kikatoka. Alijaribu kuibadilisha sauti, kuinenepesha, kuimba badala ya kusema, na mama akagusa kikombe, akagusa mto, akagusa shavu la binti yake na kulivuka, anatafuta jibu. Alipofika hapo Kitinda alitoka nje akatapika.

Alikwenda darasani kabla ya wengine. Mwalimu Futa alikuwa anafagia. Akamsimulia yote, amesimama, mkoba begani, kama mtu anayeripoti msiba wa jirani. Akauliza swali lililokuwa linamla.

"Niambie ni mstari gani nilikosea, mwalimu. Nionyeshe nilipokosea."

Kijana aliipitia programu ile mwanzo hadi mwisho. Alikaa nayo muda mrefu. Alipoinua uso hakuwa na neno lake la kila siku. "Ungeweka mahali pa kupumzikia," akasema polepole. "Nilikuuliza, nikaondoka. Hilo tunagawana, dada. Lakini ukiniuliza mstari, hakuna uliokosewa. Inafanya ulichotaka."

Kitinda alishuka ngazi zile zinazonuka rangi, akaketi ngazi ya chini watu wakimruka. Ulichotaka. Na ni nani aliyetaka? Mama hakuwa amelalamika hata siku moja kwamba hajui uso wa mwanawe. Mama alikuwa anampata binti yake upya kila asubuhi, akafurahi kila asubuhi kama mara ya kwanza. Aliyekuwa anaumia ni yeye. Alikuwa amelichukua donda lake akalitibu kwa mwili wa mama yake. Mtaka yote hukosa yote, waliosema hivyo hawakukosea. Alilia pale mpaka muuza misumari akatoka dukani kumletea kiti.

Hakuna aliyemshauri lililofuata, alilipata mwenyewe kwa njia ile ile aliyofundishwa, kwa kupunguza. Sauti kubwa inamtisha. Sauti ndogo inamtisha. Ikiondolewa kabisa, je? Asubuhi moja aliingia chumbani bila kusema neno. Mama akatabasamu tabasamu la mteja. Kitinda akatabasamu pia. Akamwosha uso, akamchana nywele, akamnywesha chai, na kidole cha mama kikatulia mapajani. Tatizo likatatuliwa.

Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na bubu. Kitinda alikuwa akiongea nje, getini, barabarani, halafu akivuka kizingiti anafunga mdomo. Shangazi ndiye aliyezungumza kwa niaba yake, "Mama, huyu binti amekuja kukusaidia," na alipolitamka neno "binti" hakumtazama mtu usoni. Mama alimzoea yule msichana asiyesema. Alimsogezea nafasi kitandani. Alimwonesha jinsi ya kushika sindano, akamsifu alipoishika vizuri. Mara nyingine alimshika mkono bila sababu wakakaa hivyo, jua likihama dirishani.

Asubuhi moja Kitinda alikuwa anamvisha blauzi, mama akawa anamwangalia sana.

"Wewe una mikono mizuri," mama akasema. "Na huna makelele. Nimekupenda."

Kitinda akaendelea na vifungo.

"Mimi ninaye wangu," mama akasema, na uso wake ukachangamka kama zamani, ule uso wenyewe. "Kitinda. Huyo sasa! Akifika mlangoni tu, nyumba nzima inajua. Mama, mama, mama! Ananimaliza masikio." Akacheka peke yake. Kisha kicheko kikapungua. "Sijui kaenda wapi. Siku nyingi simsikii. Au alikasirika? Huenda nilimkosea, mimi siku hizi nakosea kosea."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na nguo zilizoanuliwa. Alizikumbatia, akageuka akaangalia ukutani. Kitinda alifungua kinywa. Jina lake lilikuwa pale pale kwenye ulimi, na hewa ya kulisemea ilikuwa imejaa kifuani. Akaiangalia mikono ya mama yake, iliyotulia mapajani.

"Ukikutana naye huko njiani," mama akasema, "mwambie namngoja. Utamwambia?"

Kitinda akatikisa kichwa, ndiyo.

"Ahsante, mwanangu," mama akamwambia, kama anavyoambiwa msichana yeyote aliyefanya jambo jema, akampigapiga begani. "Haya, nenda sasa. Kwenu wasije wakakutafuta."

Kitinda akamalizia kifungo cha mwisho, akachukua kikombe kilichokwisha chai, akakipeleka jikoni kukiosha.